Kuchora bahari kwa mtindo wa kina Monet: rangi, mwanga na mpangilio, hatua kwa hatua

Watu wengi wakianza kuchora bahari kwa mtindo wa Impreshonizimu (ule wa Monet na wenzake, wa kukamata mwanga kwa migusa ya brashi inayoonekana) wanakimbilia rangi kali, buluu inatoka kwenye tyubu kama ilivyo, njano kama ilivyo, alafu wanapiga vidoti vidoti kila sehemu wakitegemea mwanga utatokea wenyewe, na hautokei. Mwanga kwenye zile picha hautoki kwenye rangi moja kali, unatoka kwenye rangi mbili zilizokaa jirani, moja ya joto moja ya baridi, na zote mbili zinakaribiana kwa uzito, yaani zimekoza karibu sawa. Hicho ndo kitu nataka nikuonyeshe hapa, na walimu wetu watakuwa hasa picha zilizochorwa pwani ya Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, kuanzia miaka ya 1860 mpaka 1880 na kitu, sababu pale ndo jambo hili lilikomaa.

Kwa ufupi tu ili tujue tunaongelea nani. Claude Monet alizaliwa Paris 1840 ila kakulia Le Havre, mji wa bandari pale mto Seine unapoingia baharini, na aliyemtoa kwenye kuchora vikatuni vya watu akampeleka nje kuchora anga na maji ni Eugène Boudin, mtoto wa baharia, mzaliwa wa Honfleur ng'ambo ya mdomo wa mto huohuo. Boudin alikuwa na tabia moja ambayo naomba uichukue leo, kabla hata hujanunua rangi: kwenye michoro yake ya anga aliandika tarehe, saa, na upepo unavuma toka wapi. Fanya ivo ivo, nyuma ya kila mchoro. Ukikaa nayo miezi kadhaa utaanza kujua saa kumi jioni yenye upepo inatoa maji ya rangi gani, na hapo unakuwa umeacha kubahatisha.

Sasa vifaa. Mwaka 1841 mchoraji Mmarekani, John Goffe Rand, alisajili hataza ya tyubu ya bati ya kuwekea rangi, kabla ya hapo rangi ya mafuta ilikuwa inawekwa kwenye vibofu vya nguruwe, ukishatoboa inavuja na kukauka, kwahiyo mtu kubeba rangi zake zote mpaka ufukweni ilikuwa shughuli kwelikweli. Tyubu ndo ilifungua mlango. Lakini kuwa na tyubu nyingi sio lazima. Monet aliulizwa mwaka 1905 anatumia rangi gani akajibu kwa barua kwamba ni nyeupe ya risasi, njano ya kadmia, nyekundu ya vermilioni, nyekundu nzito ya mada (kwa Kiingereza madder) ile inayoelekea zambarau, buluu ya kobalti na kijani cha zumaridi (dukani kinaitwa viridian), basi, hamna kingine. Rangi sita! Ukienda dukani leo chukua nyeupe ya titania badala ya ile ya risasi sababu risasi ni sumu, chukua nyekundu ya kadmia iliyo nyepesi badala ya vermilioni ambayo ina zebaki ndani, na alizarini badala ya mada. Mi naongeza buluu ya ultramarini kwa ajili ya maji ya kina kirefu, we ukipenda iache. Nyeusi haimo kwenye ile orodha na mi nakushauri usibebe, ukitaka giza changanya alizarini na kijani cha zumaridi, inatoka rangi iliyokoza karibu na nyeusi kabisa, alafu ukiongeza kobalti inakuwa baridi, ukiongeza nyekundu inapata joto, yaani unakuwa na giza linaloweza kubadilika badala ya shimo jeusi katikati ya picha.

Kama huna rangi za mafuta tumia akriliki, hamna shida, ila zinakauka haraka sana kwenye joto na upepo wa pwani, kwahiyo weka kitambaa chenye unyevu chini ya karatasi ya paleti, ile ya kuchanganyia rangi, na uwe na chupa ya kupulizia maji.

Brashi nunua bapa za nywele ngumu, namba 4, 8 na 10 zinatosha, na moja ndogo ya mviringo kwa ajili ya milingoti na vitu vyembamba. Kubwa zaidi kuliko unavyodhani unahitaji, maana brashi ndogo inakuvuta kwenye kuchora kamba za mashua wakati bado hujajua bahari ina rangi gani. Kanvasi sentimita 40 kwa 50 inatosha kabisa. Ile picha ya Monet iliyozaa jina la kundi lote, *Impression, soleil levant* ya 1872, inayotunzwa Musée Marmottan Monet Paris, ni sentimita 48 kwa 63 tu. Usiogope udogo.

Na usiende ufukweni na kanvasi nyeupe pee. Juani ile nyeupe inakuumiza macho na inakudanganya, kila rangi unayoweka juu yake inaonekana nzito kuliko ilivyo, matokeo yake unachora kwa rangi zilizopauka, ukifika nyumbani unashangaa. Siku moja kabla paka koti jembamba la kijivu chepesi chenye joto kidogo, au krimu, au rangi ya mchanga mkavu. Hawa jamaa walipenda praima nyepesi, yaani hilo koti la chini, na kwenye picha zao nyingi unaiona ikichungulia katikati ya migusa ya brashi, inaunganisha kila kitu kimya kimya. Kwa hiyo chagua rangi ya praima ukijua kwamba itabaki inaonekana.

Mpangilio kwanza, hata kama vidole vinawasha

Kata kipande cha kadibodi, toboa katikati dirisha lenye uwiano sawa na kanvasi yako (kwa 40 kwa 50 dirisha la sentimita 8 kwa 10 linafaa), lishike mbele ya jicho moja uzunguke nalo. Bahari ni ngumu kupangilia sababu ni mikanda mitatu imelala, ardhi, maji, anga, na mikanda mitatu iliyolala bila kitu cha kuikata ni picha iliyolala pia.

Angalia alivyotatua Monet kwenye *Terrasse à Sainte-Adresse* ya 1867, ipo Metropolitan Museum New York. Kasimama juu, anaangalia chini kwenye bustani ya ukingoni mwa bahari, na picha ni mikanda mitatu kweli, baraza lenye maua, bahari, anga, zimegawana nafasi karibu sawasawa kitu ambacho vitabu vingi vitakuambia usifanye. Kafanyaje isilale? Kasimamisha milingoti miwili ya bendera, inatoka chini kwenye bustani inapita bahari yote mpaka juu angani, kwahiyo mikanda imeshonwa pamoja. Alafu kule mbali kwenye upeo kuna mashua na meli za moshi zimejipanga, jicho lako linatoka kwenye kiti cha yule mzee aliyekaa mbele (ni baba yake Monet) linaenda kwenye uzio, linaruka mpaka kwenye matanga. Alikuwa anapenda sana picha za Kijapani za kuchapa kwa mbao, na ule mtazamo wa kutoka juu unaofanya bahari isimame kama ukuta badala ya kulala, kaupata kule. Kwahiyo hatua ya kwanza ni kutafuta kitu cha kukata mikanda. Mlingoti, mnazi, nguzo ya gati, mtu aliyesimama, moshi, chochote kilichosimama au kilicholala kimshazari.

Berthe Morisot, mchoraji mwenzake Monet kwenye kundi lilelile, alitumia mshazari. Hii ya kwake sio ya Normandy, ni ya bandari ya Lorient, Brittany. *Le Port de Lorient* ya 1869, ipo Washington kwenye National Gallery of Art, kuna ukuta mfupi wa bandari unatoka kona ya chini kulia unaingia ndani ya picha, juu yake kakaa dada yake Edma na mwavuli, gauni jeupe, na nafasi kubwa yote ya kushoto ni maji tu yenye taswira za anga na mashua. Mtu kawekwa pembeni kabisa! Lakini picha haipinduki, sababu maji yale yamepewa kazi, yana rangi na migusa ya kutosha kubeba upande wake. Hili nalipenda kuliko nnavyoweza kueleza, na nadhani Morisot anasomwa kidogo mno na watu wanaojifunza bahari. Jaribu mpangilio huu, kitu chako muhimu kikae kwenye theluthi ya pembeni, alafu lipe lile eneo tupu kazi ya kweli.

Jambo lingine, unaruhusiwa kusogeza vitu. Kwenye *Promenade sur la falaise, Pourville* ya 1882, ipo Art Institute of Chicago, wanawake wawili wamesimama juu ya jabali la chokaa upepo unawapiga, bahari iko chini yao. Watu wa makumbusho waliipiga eksirei wakakuta Monet alipunguza lile jabali la kulia kabisa ili bahari na anga ziwiane vizuri. Yaani huyu mtu tunayemsifu kwa kuchora alichokiona, kapunguza mwamba sababu picha ilidai. Kwahiyo ile nguzo ya umeme inayoharibu mandhari yako iondoe, na ile mashua iliyo mbali sana ivute karibu, hakuna atakayekuja kukuuliza.

Kabla ya rangi chora vimchoro vitatu vidogo vya penseli, vya ukubwa wa kiberiti, kila kimoja kiwe na maumbo makubwa matatu mpaka matano tu yaliyojazwa, jeusi, kijivu, jeupe. Anga ni umbo moja. Maji umbo moja. Jabali na kivuli chake umbo moja hata kama ndani kuna mambo mengi. Kama kimchoro cha ukubwa wa kiberiti hakieleweki, kanvasi nzima haitaeleweka pia.

Uzito wa rangi, hapa ndo penyewe

Ukiondoa jina la rangi, buluu, njano, nyekundu, kinachobaki ni imekoza kiasi gani, tuite toni. Piga picha mandhari yako kwa simu alafu ifanye nyeusi na nyeupe, hapo unaona toni peke yake. Sasa fanya hivyo hivyo kwa ile *Impression* ya Monet, itafute tu mtandaoni uiondoe rangi. Lile jua la chungwa linalowaka, linalofanya watu wakumbuke picha nzima, linakaribia kupotea kabisa! Margaret Livingstone, mtaalamu wa mfumo wa neva wa Harvard, alilieleza hili vizuri: jua lile lina toni karibu sawa na anga la kijivu linalolizunguka. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na wapi kitu kilipo haioni rangi, inaona toni tu, kwahiyo hailioni vizuri lile jua, wakati sehemu inayoona rangi inaliona kwa nguvu zote. Ndo maana linaonekana kama linatetemeka, halitulii mahali pake. Angelichora jeupe au la njano kali kama wengi wanavyofanya, lingekuwa linang'aa zaidi kwenye karatasi lakini limekufa.

Zoezi la kufanya leo usiku hata bila bahari. Changanya kobalti, nyekundu ya kadmia kidogo sana na nyeupe nyingi mpaka upate kijivu cha buluu kama ukungu wa alfajiri, paka sehemu kubwa. Alafu changanya nyekundu ya kadmia na njano upate chungwa, ongeza nyeupe kidogo kidogo, kila mara weka tone juu ya kile kijivu, fumba macho nusu uangalie, au piga picha ya nyeusi na nyeupe. Lile tone litakalopotea kwenye simu lakini likawaka machoni, hilo ndo jua lako. Ukishalipata mara moja hutalisahau, na utaona kwamba halikuwa chungwa kali kama ulivyodhani bali kali kiasi tu, kijivu kilichokuwa jirani ndo kilimaliza kazi.

Jambo hili la ujirani lina historia yake. Michel Eugène Chevreul alikuwa mkemia, msimamizi wa idara ya kutia rangi nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia cha Gobelins Paris, wateja wakawa wanalalamika kwamba nyuzi nyeusi hazijakoza, kumbe nyuzi ziko sawa, tatizo ni rangi zilizofumwa pembeni yake. Akaandika kitabu kizima 1839 kuhusu namna rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Nyekundu inamfanya jirani yake aelekee kijani, chungwa inamsukuma jirani kwenye buluu, njano inamsukuma kwenye zambarau. Kwa mchoraji wa pwani faida yake ni hii: mchanga ukipigwa na jua una njano ya chungwa kidogo, basi kivuli kilicho juu yake kipe buluu ya zambarau, na mchanga wenyewe utaanza kuwaka bila wewe kuongeza njano hata chembe. Ukikichora kile kivuli kwa kahawia au kwa kijivu cha nyeusi na nyeupe, mwanga unazimika hapohapo.

Na kivuli cha nje ni cha buluu kweli, sio mapambo. Pale jua lisipofika, kinachopamulika ni anga, na anga ni buluu. Ndani ya kivuli hichohicho upande unaotazama mchanga unapata joto linalorudi toka chini, kwahiyo tumbo la mashua iliyopinduliwa juani lina buluu juu na chungwa hafifu chini, uiangalie vizuri siku ukipita. Majabali ya Normandy ni chokaa nyeupe, na nyeupe ndo inapokea kila kitu, ndo maana Étretat, mji mdogo wa pwani hiyo, kwenye picha za Monet kuna pinki, zambarau, kijani cha maji, njano, wakati jiwe lenyewe ni jeupe. Kivuli cha kitu cheupe changanya nyeupe, kobalti, alizarini kidogo, na ncha ya brashi ya njano kukituliza. Kiwe chepesi kuliko akili yako inavyokuambia.

Kuweka rangi

Anza na yale maumbo makubwa, rangi nyembamba iliyoyeyushwa na tapentaini, anga, maji, ardhi, zote ndani ya robo saa, usiache upande mmoja mtupu sababu rangi yoyote uliyoiweka peke yake huwezi kujua kama ni sahihi mpaka jirani yake awepo. Alafu rudi na rangi nzito. Lilla Cabot Perry, mchoraji Mmarekani aliyekuwa jirani ya Monet kule Giverny, aliandika kwamba Monet alimshauri asahau vitu vilivyo mbele yake, mti, nyumba, aone tu hapa kipande cha buluu, hapa kirefu cha pinki, hapa mstari wa njano, aviweke kama anavyoviona. Huo ni ushauri wa kufuatwa neno kwa neno. Usichore "wimbi". Weka kipande cha kijani cha kijivu, chini yake kirefu cha zambarau hafifu, juu yake kijistari cha krimu, na wimbi litakuwa limeshafika.

Anga juu kabisa ni buluu nzito zaidi, likishuka kuelekea upeo linapauka na kupata joto, saa nyingine kijani hafifu au pinki. Mstari wa upeo usiuchore kwa rula, siku ya ukungu uache ulainike, vuta brashi kavu mara moja tu uishie hapo. Upande mwingi wa siku bahari kule mwisho huwa imekoza kuliko anga la juu yake, sio sana.

Maji yana siri moja: yaliyo karibu na miguu yako unayaangalia kutoka juu kwahiyo unaona ndani, mchanga, mawe, majani ya bahari, ila yaliyo mbali unayaangalia kwa mshazari kwahiyo yanakurudishia anga. Basi karibu weka rangi za chini ya maji, mbali weka rangi za anga, na katikati zichanganyike. Migusa ya karibu iwe mikubwa na imeachana, ya mbali iwe midogo, myembamba, imebanana, hiyo peke yake inatengeneza umbali bila kuchora chochote. Taswira ndani ya maji, kitu chenye mwanga kinakoza kidogo, kitu chenye giza kinapauka kidogo. Na povu sio jeupe, povu la upande wa kivuli ni zambarau ya buluu, ule mgusa mmoja wa nyeupe yenye njano unaubakiza kwa ajili ya sehemu jua lilipogonga, mmoja au miwili, ukiweka ishirini umeua yote.

Mwelekeo wa brashi ufuate kitu kinavyokwenda. Kwenye ile ya Pourville nyasi za jabali ni migusa mifupi iliyopinda, inatikisika kwa upepo, na ukiangalia magauni na shali za wale wanawake utakuta migusa ya namna ileile na rangi zilezile zimebadilishwa kidogo tu, na bahari vilevile. Ndo maana watu wale hawaonekani kama wamebandikwa juu ya mandhari, upepo mmoja unapita kwenye kila kitu. Hili ni kosa la kawaida sana, mtu anachora bahari kwa uhuru alafu akifika kwenye binadamu anabana pumzi anaanza kuchora pua. Usichore pua. Tumia brashi ileile, kasi ileile, rangi zilizopo tayari kwenye paleti, na mtu awe migusa sita au saba.

Muda unakukimbia

Mwanga wa pwani haukai. Monet alipokuwa Étretat mwaka 1885 mwandishi Guy de Maupassant alikuwa anamfuata, akaandika kwamba jamaa anatembea na watoto nyuma yake wamembebea kanvasi tano au sita za mandhari moja kwa saa tofauti, anaishika hii, mwanga ukibadilika anaiacha anachukua nyingine. We beba mbili tu. Moja ya saa la kwanza, moja ya saa la pili, na kivuli kikishahama weka chini ile ya kwanza hata kama inakuuma, kesho yake saa ileile unairudia. Ukiendelea kusahihisha kanvasi moja kwa kufuata jua utakuwa na vivuli vya asubuhi na anga la mchana, na hakuna macho yatakayoamini.

Angalia ratiba ya maji pia. Hukohuko Étretat mwaka huohuo, mwezi Novemba, Monet alikuwa amezama kwenye kazi chini ya tao la Manneporte, akakosea saa ya maji kujaa, wimbi likamtupa ukutani mwa jabali na kumvuta, akatoka salama ila kanvasi, stendi na vifaa vikaenda. Pwani ile maji yanapanda mita nyingi. Na huku kwetu wakati wa bamvua nayo yanakuja haraka kuliko unavyowaza ukiwa umeinamia paleti, kwahiyo muulize mvuvi kabla ya kupanga stendi kwenye mchanga wa chini. Mchanga wenyewe utaingia kwenye rangi, usiupiganie, kwenye *La plage à Trouville* ya 1870 iliyopo National Gallery London chembe za mchanga zimekutwa zimeganda ndani ya rangi.

Kwa wanaochora huku Afrika Mashariki, mbinu ni zilezile ila mwanga sio ule. Normandy iko mbali kaskazini, jua linapita chini na jioni ya kiangazi ni ndefu, unapata muda mrefu wa mwanga wa ubavuni. Sisi saa sita mchana jua liko utosini, vivuli vimejificha chini ya vitu vyenyewe, na magharibi inaisha upesi sana. Kwahiyo saa zako ni saa moja mpaka saa tatu asubuhi, na saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Dar, Bagamoyo na Mombasa bahari iko mashariki, asubuhi ukiitazama jua liko usoni kwako, mashua na watu wanakuwa maumbo ya giza na maji yanametameta nyuma yao, jioni jua liko mgongoni na rangi za maji zinafunguka zote. Mji Mkongwe Unguja ni kinyume chake, jua linazama majini mbele yako. Ukijua hilo unachagua mpangilio kabla hujatoka nyumbani. Na maji yetu ya ndani ya mwamba usiyachore buluu moja: juu ya mchanga mweupe ni zumaridi na nyeupe na njano kidogo, juu ya majani ya bahari yanakuwa kijani cha zambarau iliyokoza, alafu kule mawimbi yanapopasukia kuna mstari mweupe, nje yake ultramarini. Mikanda hiyo minne ni zawadi, Monet hakuwa nayo.

Kujua umemaliza angalia vitu viwili tu. Isimamishe kanvasi ukae mbali nayo hatua sita saba, fumba macho nusu, kama mwanga unatoka pale ulipopanga utoke, acha. Kama hautoki, usiongeze nyeupe kwenye mwanga, nenda kwenye kivuli kilicho pembeni yake ukipe ubaridi zaidi, karibu kila mara jibu liko hapo. Ukirudi ndani iangalie tena kwenye mwanga wa dirisha, sababu jua la nje linafanya picha ionekane na mwanga kuliko ilivyo, rekebisha kidogo, sio zaidi ya migusa michache. Rangi ya mafuta ikiwa nzito iache miezi sita mpaka mwaka kabla ya kufikiria vanishi, na wengi wa wale wachoraji hawakuipenda vanishi kabisa, walitaka uso wa rangi ubaki mkavu usio na mng'ao. Wakati wa kusafirisha kanvasi mbili mbichi zigeuze zitazamane, weka vipande vya koki kwenye kona nne katikati yake, funga kwa kamba, na uandike nyuma ya kila moja tarehe, saa, na upepo ulikuwa wa kusi au wa kaskazi.